Istanbul iko karibu na Chikongola kuliko Mbezi Beach

Ukipita mitaa ya Chikongola hapa Mtwara baada ya isha, milango ikiwa bado wazi kwa sababu ya joto, utasikia ndani ya nyumba sauti za Kiswahili ambazo si za wenye nyumba. Zinatamka taratibu, kila silabi mahali pake. Ni sultani wa Istanbul anamhoji waziri wake, au ni msichana wa Seoul anamlilia mama mkwe aliyemkataa. Nyumba tatu zilizopangana zinaweza kuwa kwenye tamthilia moja, ukatembea mtaa mzima usipitwe na neno. Tamthilia za nje zilizoingizwa sauti za Kiswahili, za Kituruki, za Kikorea, za Kihindi, za Kifilipino, zimeshika saa za jioni na haziachii. Na kila baada ya muda unarudi wito uleule kutoka kwa wasanii na kutoka kwa watu wa maadili: zipunguzwe, zinaua kazi za ndani, zinawafundisha watoto wetu ya kwao. Safari hii nimeusikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, walimu wawili na mzee mmoja wa msikiti, wote wakiwa na uchungu wa kweli. Ndiyo maana naona niandike.

Uchungu wao nauelewa, ila wameanzia pasipo. Wanadhani mtazamaji wa Kusini amehama kwenda ugenini, amechoka na vya kwao, amelewa majumba ya kifalme na nywele ndefu. Mimi naona kinyume. Mtazamaji huyu amekaa palepale alipokuwa. Anachofuata ni sauti anayoisikia vizuri na ukoo anaoutambua, na vitu hivyo viwili, kwa bahati mbaya, siku hizi anavipata zaidi katika kisa cha Istanbul kuliko katika kisa kilichopigwa picha Mbezi Beach, Dar es Salaam. Tukiziondoa hizo tamthilia za nje kesho asubuhi, hatarudi kwenye za Dar es Salaam. Atazima TV, au atatafuta Istanbul hiyohiyo kwenye simu ya mwanawe.

Turudi nyuma kidogo, maana mapenzi haya hayakuanza na ving'amuzi. Kizazi changu kiliiona filamu ya nje kwa mara ya kwanza kwenye kibanda umiza: kuta za mabati au makuti, mabenchi, deki moja, TV moja, na spika iliyoelekezwa barabarani ili ivute wapita njia. Picha ilikuwa ya Hong Kong, Mumbai au Marekani, lakini sauti ilikuwa ya msimulizi wa Kitanzania, na jina lililotangulia mengine yote lilikuwa Lufufu. Msimulizi hakuishia kutafsiri. Alieleza kwa nini adui ana kisasi na steringi, aliwabatiza wahusika majina ya mtaani, alikaripia mwanamume aliyemtelekeza mkewe hata kama mwanamume huyo alikuwa Mchina wa karne nyingi zilizopita. Wengine waliona ni uharibifu wa filamu. Sisi tuliokaa kwenye yale mabenchi tulijua kwamba bila yeye tungekuwa tunaangalia watu wakipigana bila sababu. Hadi leo ukienda dukani kujaziwa muvi kwenye flashi, swali la kwanza la kijana wa duka ni kama unataka iliyotafsiriwa au ya kawaida, na anajua jibu kabla hujajibu.

Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu binti aitwaye Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilivuma mno, kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliitaja, kama njia ambayo Watanzania waliyaona maisha ya kawaida ya Wachina. Magazeti yaliichukua kama habari ya uhusiano wa nchi mbili. Kwa mtazamaji ilikuwa habari ya mama mkwe, na hapo ndipo somo lilipokuwa, kwa yeyote aliyetaka kulisoma. Miaka michache baadaye Azam wakaileta ile tamthilia kubwa ya Kituruki ya mwaka 2011 hadi 2014 kuhusu Sultani Suleiman na mkewe Hurrem, wakaiita kwa kifupi Sultan, na kuanzia hapo mambo hayajawahi kuwa yalivyokuwa.

Wanaosema Mtanzania hapendi cha kwao, hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote na ningependa tuimalize mapema. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, watu walijaa viwanja vya Leaders pale Kinondoni kwa maelfu, wengine wakazimia, na huku kwetu maduka ya CD yalirudia filamu zake mchana kutwa kwa wiki nzima. Hao hawakuwa watu wasiopenda kazi za ndani. Kabla ya hapo, watu waliahirisha kupika ili wasikose michezo ya kuigiza ya ITV, yenye jukwaa la kawaida kabisa na taa za kawaida kabisa. Mapenzi yalikuwepo, na hayakuwa ya kuhurumiana. Kama leo yamepungua, wa kuulizwa ni anayepika. Mlaji anakula anachokisikia ladha.

Nilianza kuelewa suala hili nikiwa Tandahimba kwa mama yangu mdogo, mwezi wa Novemba, wakati wa korosho. Alikuwa amekaa chini, mbele yake bati la korosho zilizochomwa, mkononi kijiti kizito cha kupasulia, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasimchubue. TV ilikuwa nyuma yake. Sikukosea, nyuma yake kabisa. Kwa muda wa karibu saa nzima aligeuka mara mbili tu, mara zote mbili ikiwa muziki umebadilika ghafla. Hata hivyo alikuwa anafuata kila kitu: nani amemsaliti nani, barua iko kwa nani, mtoto ni wa nani. Kati ya korosho na korosho alimsonya mmoja wa wale akina mama wa kasri kama vile ni jirani aliyemkopa ungo na hakuurudisha. Tamthilia ilipokwisha ikaingia moja ya kwetu, ya Dar es Salaam, akamwambia mjukuu wake abadilishe. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Hiyo siisikii, mwanangu."

Nilidhani anamaanisha haielewi. Baadaye nilikaa nikaisikiliza kwa namna yake, nimeipa kisogo, nikagundua kwamba alisema neno sahihi kabisa. Haisikiki. Wahusika wanazungumza kwenye sebule kubwa yenye vigae sakafuni na dari ya juu, na sauti inagonga kuta na kurudi. Kipaza sauti kiko mbali na mdomo. Jenereta linasikika nje, gari linapita, na juu ya hayo yote muziki umewekwa kwa nguvu kuliko maneno, hasa pale panapotakiwa machozi. Anayetazama kwa macho anaweza kujaziwa pengo na sura ya mwigizaji. Anayetazama kwa masikio, huku mikono na macho viko kwenye kazi, anaachwa nje. Na wanaotazama kwa masikio ni wengi kuliko wazalishaji wanavyofikiri: mama anayepika chapati za kuuza asubuhi, fundi cherehani, muuza duka anayehudumia wateja, wavuvi wanaotengeneza nyavu Shangani. Tamthilia ya kuingizwa sauti inarekodiwa chumbani, mdomo karibu na kipaza sauti, mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana kila silabi inafika. Huu si ushindi wa Waturuki, maana hizo sauti ni za Watanzania wenzetu, waliokaa studio wakafanya kazi kwa umakini. Msimulizi wa kibanda umiza amefungiwa studio na kupewa karatasi, ila ni yuleyule.

Najua nitajibiwa kwamba hilo ni suala la fedha. Waturuki wana fedha, sisi hatuna. Hoja hii ina uzito na sitaki kuipita juujuu. Kituo cha TV kikinunua tamthilia iliyokwisha kutengenezwa, yenye mamia ya sehemu, na kulipa watu wachache wa sauti, kinatumia fedha kidogo sana ukilinganisha na kutengeneza kisa kipya hapa nchini, kikiwa na waigizaji, mafundi, magari, chakula na vibali. Mhasibu yeyote atachagua cha kwanza. Mwigizaji wa Kitanzania anayelalamika kwamba saa yake ya jioni imechukuliwa analalamikia jambo la kweli, na ningekuwa mimi ningelalamika pia. Lakini fedha kidogo iliyopo inakwenda wapi? Inakodi jumba la ghorofa. Inakodi gari la bei mbaya ili lionekane likiingia getini. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola ya shati hakifikii kodi ya jumba hilo hata kidogo, na bado ndicho kinachokosekana. Kwa hiyo umaskini upo, ila si umaskini unaochagua kukodi geti na kuacha sauti. Huo ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuamua vingine.

Jambo la pili ni ukoo, na hapa ndipo watu wa Kusini tunapoachwa nje zaidi kuliko wengine. Fikiria visa vya mirathi katika filamu na tamthilia zetu. Baba amefariki. Arobaini haijafika, ndugu wa marehemu, akina baba wadogo na shangazi, wanakuja kumtoa mjane ndani ya nyumba. Ni kisa cha kweli, kinatokea, na kimewasaidia wajane wengi kujua haki zao. Lakini ni kisa cha upande mmoja wa nchi. Hata kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Na. 436, ziliandikwa kwa kufuata makabila ya ukoo wa baba. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wanahesabu ukoo kwa mama. Kwa hesabu hiyo mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mtu mzito katika maisha yake ni mjomba. Mjomba ndiye anayeulizwa kuhusu mahari, ndiye anayeitwa mtoto akipelekwa jandoni au unyagoni, na mikorosho ya mjomba ina habari ndefu kuliko mikorosho ya baba. Mambo yamebadilika, dini na sheria za mahakamani zimeingia katikati, na leo katika familia moja ya Newala unaweza kukuta mizani mitatu ya mirathi imewekwa mezani kwa siku moja: ya kimila, ya Kiislamu na ya serikali. Watoto wa marehemu wanashika moja, wapwa wanashika nyingine, mjane anashika ya tatu. Nani ameshawahi kutuonyesha hiyo? Mimi sijawahi kuiona kwenye TV hata mara moja, na nimetazama mengi.

Sasa mrudie yule Suleiman. Ndani ya kasri lake nguvu iko kwa mama yake. Mwanamke yeyote anayeingia pale anapita kwanza kwa mama wa sultani. Watoto wa kiume wanatajwa kwa mama zao, kwa kuwa kila mama anapigania wa kwake: huyu wa Mahidevran, wale wa Hurrem. Ibrahim, aliyeinuliwa kutoka utumwani hadi uwaziri mkuu, anaingia katika familia kwa kumwoa dada wa sultani, na kuanzia siku hiyo ni shemeji, na mtazamaji wa hapa anajua kwamba shemeji aliyepewa sana ana siku yake. Mwaka 1536 siku hiyo ilifika, Ibrahim akauawa. Sisemi kwamba Waturuki ni Wamakonde, na ukoo wa mama si sawa na kasri la wake wengi. Nasema kwamba maswali yanayoulizwa mle ndani, huyu ni mtoto wa nani kwa mama, mama yuko upande gani, dada ameolewa na nani, ndiyo maswali ya barazani kwetu. Tamthilia za Dar es Salaam, pamoja na zile ninazozikubali kwa uigizaji kama Huba na Jua Kali, mara nyingi zinaniletea watu waliokatwa kutoka kwenye ukoo: mume, mke, mchepuko, rafiki mnafiki, bosi. Mama akitokea, ametoka kijijini kuja kumsumbua mkwe. Mjomba hayupo. Bibi hayupo. Hakuna anayepiga simu nyumbani kuuliza jambo kabla ya kuamua. Kwa mtu wa Chikongola, hiyo ndiyo nchi ya kigeni.

Wanaohofia maadili nawajibu kwa heshima. Ni kweli kuna vazi na mabusu ambayo mzazi asingependa yaonekane mbele ya wakwe, na ni haki ya mzazi kushika rimoti. Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya mwaka 1976, kazi ya kukagua inajulikana. Lakini ukisikiliza mazungumzo ya watazamaji wenyewe, mabusu hayapo. Wanajadili kama Mustafa, mwana wa Suleiman, alistahili kuuawa kwa amri ya baba yake. Wanajadili kama mama anaweza kupenda watoto wake sawasawa. Nimemsikia kijana wa bodaboda, stendi, akitetea kwa nguvu zote kwamba baba aliyemsikiliza mke akamuua mwana ndiye aliyeua ufalme wenyewe. Wazee wakikaa chini ya mwembe wakijadili hivyo tungeita hekima. Kijana akijadili kwa sababu ameona kwenye TV, tunaita kuharibika. Sioni tofauti.

Kuna hoja nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini katika ofisi za wazalishaji, kwamba Kusini hakuuzi. Mtazamaji wa Mwanza au Arusha hataki kuona Mtwara, hazijui Nachingwea na Liwale, kisa kikae Dar es Salaam ambako kila mtu anapaota. Nani basi aliyemfundisha mtazamaji wa Mwanza ramani ya Istanbul? Nani anaijua mitaa ya Seoul? Mahali pageni hapajawahi kumzuia mtazamaji wa Kitanzania kupenda kisa. Kinachomzuia ni mahali pasipo na mtu. Na tunao ushahidi wa karibu. Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, binti Yasmin anamkimbia mume mzee, anakutana na Denge, mpigania uhuru. Kwangu mimi ndiyo filamu bora ya Kiswahili ya miaka ya karibuni, na sababu kubwa ni kwamba imekubali kuwa mahali pake. Vichochoro ni vya Unguja, lafudhi ni ya Unguja, na hakuna anayeomba radhi wala anayemfafanulia mtu wa Bara. Ilionyeshwa Toronto, ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar baada ya nchi kukaa zaidi ya miaka ishirini bila kupeleka kitu. Lalamiko langu juu yake halihusu filamu yenyewe: kutoka hapa hadi kwenye jumba la sinema Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na wengi hapa wanakijua kitabu lakini picha hawajaiona.

Lafudhi nimeitaja kwa makusudi. Mtu wa huku akisema "nkono" badala ya mkono, "ntoto" badala ya mtoto, anasema kama mama yake alivyosema. Katika vichekesho vingi vya TV, herufi hiyo moja ni ishara kwa mtazamaji kwamba acheke. Msemaji wake ni mlinzi wa getini, amevaa koti kubwa, haelewi simu, anaogopa lifti. Jumba ni lilelile la kukodi, geti ni lilelile, na sisi tumepewa kazi ya kulifungua. Nimeona watoto wa darasa la sita hapa mjini wakimcheka mwenzao wa kutoka Kitangari kwa matamshi hayo, na wao wenyewe nyumbani wanatamka hivyohivyo. Jambo hili linaniumiza kuliko mengine yote niliyoyaandika leo. Sultani wa Istanbul, kwa sababu amewekewa Kiswahili cha studio, hajawahi kumcheka mama yangu mdogo. Sitashangaa kwamba amekaribishwa.

Halafu kuna hili la Kilwa, ambalo kila nikilifikiria nakosa usingizi. Tunatazama kasri la sultani wa mbali, na sisi kasri tunalo, ndani ya Mkoa wa Lindi. Husuni Kubwa iko pale Kilwa Kisiwani, juu ya genge linalotazama bahari, pamoja na birika lake la kuogea lenye pande nane, na UNESCO waliuweka mji ule kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Na visa vipo vimeandikwa. Historia ya zamani ya Kilwa inasimulia kwamba mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kukizunguka kisiwa kizima, na mwenyeji alipokwenda bara kutayarisha watu wa kuja kukirudisha, mgeni akauchimba mkondo ili maji yakipwa asiweze kuvuka kwa miguu. Itazame hiyo kama sehemu ya kwanza ya tamthilia: watu wanatandaza nguo ufukweni, siku baada ya siku, na mtoto wa mwenyeji anahesabu marinda. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan, aliyeitwa baba wa vipawa kwa ukarimu wake. Fukara mmoja alimsimamisha akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Alipofariki akashika ndugu yake Daud, naye fukara akija kuomba aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Ndugu wawili, kiti kimoja, na mji unaowapima mmoja kwa mwenzake. Mwandishi wa Istanbul angepewa kisa hiki angeandika misimu minne, na sisi tungekaa kuisubiri kila jioni.

Sio Kilwa Kisiwani peke yake. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa nao Kilwa Kivinje mwaka 1895, na mahali pale pakaachiwa jina la Mwembe Kinyonga. Machemba, kiongozi wa Wayao, aliwaandikia Wajerumani barua kwa Kiswahili mwaka 1890 akikataa kuwa chini yao. Mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, zaidi ya tani 200, ilibebwa na watu hadi bandari ya Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, na leo mjusi mmoja amesimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Wala si lazima iwe ya kale. Msimu wa korosho wa mwaka 2018, serikali ilipopanga kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba mzigo maghalani, kila nyumba ya Mtwara ilikuwa na tamthilia yake: ada, deni la dukani, harusi iliyoahirishwa, mjomba anayeuliza fedha zimefika au bado. Hicho hakihitaji kasri wala farasi. Kinahitaji baraza moja, mzani, gunia, na watu sita wanaojua kuzungumza.

Waliofanikiwa kutufikia wametufundisha pia jambo la tatu ambalo sikulitegemea. Hapa kifurushi cha king'amuzi kinakwenda na korosho. Minada ikianza mwezi wa Oktoba, malipo yakaingia, dishi zinapata uhai, watu wanalipia miezi miwili mitatu mfululizo. Kufikia kiangazi cha mwaka unaofuata, nyumba nyingi zimebaki na chaneli za bure. Tamthilia ndefu isiyo na kikomo, inayoongeza mchepuko mpya kila ikikaribia kumalizika, inampoteza mtazamaji huyu: akirudi baada ya miezi mitano anakuta watu asiowajua. Suleiman, pamoja na urefu wake wa sehemu zaidi ya mia, alikuwa anakwenda mahali. Watu walijua atazeeka, watoto watagombana, atakufa. Ukimkosa mwezi mmoja ukarudi, unauliza swali moja tu, nani bado yuko hai, na unaendelea. Kisa kinachojua mwisho wake kinamngoja mtu aliyeishiwa kifurushi.

Ndiyo maana sioni faida ya kupunguza za nje kwa amri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni ametuonyesha kwamba watu bado wana kiu, na ametuachia watu wa sauti waliofundishwa kazi. Ningependa vituo viandike majina yao mwishoni mwa kila sehemu, kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu hao ndio walioibeba kazi hiyo hadi Tandahimba. Ningependa hao hao waitwe kwenye visa vyetu, kabla ya kukodi jumba lolote. Na mzalishaji anayetaka kuja huku asije na mlinzi wa getini mfukoni. Aje kiangazi, akae, asikilize matamshi, amuulize mjomba. Atengeneze sehemu ishirini hivi, zenye mwisho, sauti imekamatwa karibu na mdomo, ziwe tayari kabla ya mnada wa kwanza. Mwezi wa Novemba mama yangu mdogo atakuwa amekaa palepale, bati mbele yake, TV nyuma yake, anasikiliza.